Mtego Ni Jicho la Mkulima: Kunasa Wadudu wa Mboga kwa Vifaa vya Nyumbani

(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia vya wakulima wa mboga, Nkubu, Imenti ya Kusini. Tumeyachapa karibu kama yalivyosemwa, ili kila kikundi kiyasome pamoja na kuyajaribu shambani.)

  Naona wengine mmekuja na majani ya sukuma wiki na matawi ya nyanya. Vizuri sana. Majani hayo yatatufundisha leo kuliko maneno yangu.

Nimeombwa nizungumze juu ya mitego ya wadudu ambayo mtu anaweza kujitengenezea nyumbani. Tutataja mitego kadhaa, lakini kuna jambo moja ninalotaka kila mtu arudi nalo nyumbani. Mtego kwanza ni jicho, halafu ndipo unakuwa mkono. Utakuonyesha ni mdudu gani amefika, amefika lini, na kama anaongezeka au anapungua. Kisha utamnasa kwa kiasi. Mkulima anayetazamia mtego umalize wadudu wote atakata tamaa mapema. Lakini yule anayeutumia ili aone, huyo atapunguza dawa, atapunguza gharama, na mboga yake itafika sokoni.

KWA NINI JAMBO HILI LINATUHUSU

Mnaijua nchi yetu. Kule juu kuna majani chai, hapa katikati kuna kahawa na migomba, na tukiteremka mpaka Mitunguu kuna mashamba ya kunyunyizia maji. Kiangazi kikifika, Januari na Februari, halafu tena kuanzia Julai mpaka Septemba, nyasi zinakauka kila mahali. Mahali panapobaki kijani ni pale penye mpira wa maji: sukuma wiki yako, nyanya zako, mishiri yako. Mdudu aliyekosa chakula kwingine atakwenda wapi? Atakuja kwako. Tena mvua kubwa ambayo ingewaosha vidukari na thripi kutoka kwenye majani haipo. Kwa hiyo wakati bei ya mboga ni nzuri ndio wakati wadudu ni wengi.

Wengi wetu tumezoea kupiga dawa kwa kalenda. Ijumaa imefika, pampu mgongoni. Hatukuangalia kama mdudu yupo, na kama yupo hatukuangalia ni yupi. Hapo tunapoteza mambo manne.

La kwanza ni pesa, kwa sababu dawa inanunuliwa hata pale isipohitajika.

La pili ni afya. Kila dawa ina siku za kungoja kati ya kunyunyiza na kuvuna, na siku hizo zimeandikwa kwenye lebo. Anayepiga dawa Ijumaa na kuchuma Jumamosi anauza sumu, na mtoto wake anakula mboga hiyo hiyo jioni.

La tatu ni soko. Wakulima wa mishiri hawahitaji kuambiwa. Tangu mwanzo wa 2013 Umoja wa Ulaya uliongeza ukaguzi wa maharagwe na njegere za maganda kutoka Kenya, kwa sababu ya mabaki ya dawa, hasa ile iitwayo dimethoeti. Mkulima mdogo asiye na kumbukumbu za dawa alizotumia ndiye wa kwanza kuachwa na mnunuzi. Lakini wadudu nao wanafunga soko. Mwaka 2014 Kenya ilisimamisha yenyewe kuuza maembe Ulaya kwa sababu ya nzi wa matunda, na mauzo hayo yalianza tena 2021. Kwa hiyo mnunuzi anakataa dawa nyingi, na pia anakataa mdudu. Mkulima yuko katikati.

La nne ni kwamba wadudu huzoea dawa. Wachache wasiokufa ndio wanaozaa, na watoto wao ni wagumu kama wao. Yule nondo mdogo ambaye viwavi wake wanatoboa kabeji alipatikana amezoea DDT huko Java, Indonesia, na habari hiyo ilitolewa 1953. Ni zamani hiyo! Tangu wakati huo amezoea dawa nyingine nyingi. Ukipiga dawa ile ile kila wiki, unamfundisha mdudu.

KILA MDUDU ANA NJIA YAKE

Wazee wetu hapa walitega fuko. Hakuna mzee aliyetega mtego wa fuko juu ya mti, si ndiyo? Alitafuta njia ya fuko kwanza, akachimba pale anapopita. Wadudu nao ni hivyo hivyo. Wengine wanavutwa na rangi, wengine na harufu, wengine na taa, na wengine wanatafuta tu mahali pa giza na unyevu pa kujificha mchana. Ukishajua kinachomvuta mdudu, mtego wenyewe ni kazi ya nusu saa.

KIBAO CHA MANJANO

Huu ndio mtego wa kwanza kwa kila kikundi, kwa sababu ni rahisi na unafaa mboga nyingi. Rangi ya manjano iliyo kali inawavuta nzi weupe wanaokaa chini ya majani ya nyanya. Inavuta pia vidukari wenye mabawa, na vile vinzi vidogo ambavyo watoto wao wanachora mistari myeupe iliyopinda ndani ya majani. Rangi ya buluu inawavuta thripi, wale wadudu wembamba kama uzi wanaokwaruza maganda ya mishiri mpaka yanapinda na kuwa na makovu.

Vifaa: mtungi mkuukuu wa mafuta ya kupikia, ule wa manjano, panga au kisu kikali, fito, misumari au waya, mafuta ya kujipaka ya mgando, na sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Usitumie mtungi uliokuwa na dawa ya shamba.

Fanyeni hivi:

1. Kata mtungi upate vipande bapa, kila kimoja ukubwa wa daftari la shule. Kama hakuna mtungi wa manjano, chukua ubao mwembamba au bati, upake rangi ya manjano, uache ukauke kabisa. Kwa thripi, paka buluu.

2. Changanya mafuta ya mgando na sabuni ya maji, kipimo sawa kwa sawa. Sabuni itakusaidia siku ya kuosha.

3. Funga kipande kwenye fito na uisimamishe shambani kabla ya kupaka, usije ukajipaka mwenyewe. Kisha paka pande zote mbili, tabaka jembamba. Ukipaka nene, jua litayeyusha na yatadondoka kwenye mboga.

4. Kibao kikae juu kidogo ya vilele vya mboga, kama upana wa kiganja. Mboga ikikua, pandisha kibao. Kibao kilichozama ndani ya majani hakionekani, na kile kilicho juu sana kitanasa wapita njia.

5. Baada ya siku saba hesabu, andika, kwangua, osha kwa maji ya moto na sabuni, kausha, upake tena. Kibao kilichojaa vumbi hakinasi kitu.

Mtu ataniuliza, "Je, oili chafu ya gereji haifai?" Inanasa, ndiyo, na wengine wanaitumia. Lakini inadondoka, inachafua udongo, na ikigusa mboga hutaiuza. Kama huna kingine, itumie kwenye kibao kilicho pembeni mwa shamba, mbali na majani ya kuchumwa.

Vibao vingapi? Kama unataka kuona tu, robo ekari inatosheka na vitano: kimoja kila pembe na kimoja katikati. Kama unataka na kunasa kwa wingi, weka kimoja kila baada ya hatua nne au tano, na uanze mapema. Mahali bora pa kuanzia ni kitaluni, miche ikiwa bado na majani mawili. Nzi weupe hubeba ugonjwa wa nyanya unaokunja majani na kuyafanya manjano, na mche ulioambukizwa kitaluni hautakuzalia kitu hata ukiuhudumia namna gani.

Sasa sikilizeni jambo moja kuhusu vidukari. Wengi wao hawana mabawa. Wanakaa wamejazana chini ya jani la sukuma na hawaendi popote. Kibao hakitawanasa hao hata kidogo. Kinachonaswa ni wale wachache wenye mabawa wanaohama kutafuta shamba jipya. Lakini mnaona maana yake? Ukiona watano kwenye kibao, ujue wenzao wameshatua kwenye majani. Nenda ugeuze majani siku hiyo hiyo. Ukiwakuta kwenye mimea mitatu, minne, waponde kwa vidole au uoshe kwa maji ya sabuni, na kazi imekwisha. Ukingoja wiki mbili, ni shamba zima. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

BESENI LA MAJI

Mama asiye na muda wa kupaka mafuta atumie beseni la manjano. Tia maji mpaka nusu au zaidi kidogo, ongeza matone machache ya sabuni ya maji, uliweke kati ya mistari juu ya kigoda au mawe ili lilingane na mboga. Sabuni ina kazi yake. Bila sabuni, mdudu mdogo anaelea juu ya maji na kuruka tena. Sabuni inalegeza uso wa maji, naye anazama.

Beseni ni zuri kwa kujifunza, kwa sababu mdudu aliyezama anaonekana mzima kuliko aliyegandamana na mafuta. Chukua kijiko, mtoe, mweke kwenye karatasi nyeupe. Badilisha maji kila baada ya siku mbili tatu. Andika MTEGO kwa rangi kwenye beseni hilo, lisirudi jikoni tena, na kuku wasiyafikie maji yale.

CHUPA YA NZI WA MATUNDA

Wanaopanda maboga, matango na kurjeti wanamjua adui huyu. Tunda changa linaonekana na kidonda kidogo kama limechomwa sindano, linapinda, linaoza, na ukilipasua unakuta funza. Nzi jike ndiye aliyetoboa akataga mayai ndani. Dawa unayonyunyiza juu haimfikii funza aliye ndani ya tunda, kwa hiyo hapa mtego unafaa sana.

Chukua chupa ya plastiki ya soda ya nusu lita. Toboa matundu manne hivi kuizunguka sehemu ya juu, kila tundu liwe la kupitisha penseli. Nzi ataingia kwa kufuata harufu, na kutoka kutamshinda. Ndani tia chambo: kijiko cha hamira, vijiko viwili vya sukari, na maji ya uvuguvugu mpaka robo ya chupa. Unaweza kuongeza ganda la ndizi iliyoiva sana. Funga kifuniko, uining'inize kivulini kando ya mimea, kimo cha kiuno. Baada ya siku moja au mbili chambo kinachacha, na hapo ndipo kinaanza kuita. Nzi jike anahitaji chakula cha kujenga mwili kabla ya kutaga mayai, na harufu ya hamira inamwambia chakula kipo. Badilisha chambo kila wiki.

Lakini chupa peke yake ni sawa na kuteka maji kwa pakacha kama matunda yaliyooza yamelala shambani. Kila tunda lililoanguka ni nyumba ya nzi wa wiki ijayo. Yaokoteni kila baada ya siku mbili. Yatieni katika mfuko mweusi wa plastiki usiopasuka, mfunge kabisa, muuache juani mpaka funza wafe, au myafukie chini sana, kama urefu wa mkono mpaka kwenye kiwiko. Kuyatupa kwenye shimo la takataka lililo wazi ni kuwahamisha tu.

TAA YA USIKU

Nondo wanaozaa viwavi vingi vya mboga hutembea usiku na hufuata mwanga. Weka beseni la maji ya sabuni pembeni mwa shamba, na juu yake ning'iniza taa, kama shubiri moja kutoka kwenye maji. Siku hizi taa ndogo ya sola inatosha, hakuna haja ya kuchoma mafuta ya taa. Washa giza linapoingia, uzime baada ya saa mbili au tatu.

Kwa nini tusiiache mpaka asubuhi? Kwa sababu taa haichagui. Inaita pia wadudu wasio na kosa na wale wanaotusaidia. Usiku wa mbalamwezi inanasa wachache, na upepo ukiwa mkali usijisumbue. Mtego huu utumieni usiku mmoja au miwili kwa wiki ili mjue kama nondo wameongezeka. Mkiona wengi, basi katika siku zinazofuata angalieni majani kwa makini, kwa sababu mayai yametagwa.

GUNIA NA KOLA

Umepanda miche ya kabeji jioni, asubuhi unaikuta imekatwa kwenye shina na kulala chini, na mkataji haonekani. Huyo ni sota, kiwavi mnene wa kijivu anayeshinda mchana ndani ya udongo na kutoka usiku. Chimbua kwa kidole kuzunguka mche uliokatwa, utamkuta amejikunja hapo hapo karibu. Mlishe kuku.

Kwa miche iliyobaki, zungushia kila mmoja kola ya karatasi ngumu au ganda kavu la mgomba. Kola iingie ardhini upana wa vidole viwili na isimame juu vidole vitatu au vinne. Kwetu hapa migomba haikosekani, kwa hiyo kola ni za bure.

Kisha lowesha gunia kuukuu, ulilaze kati ya mistari jioni. Sota na konokono wasio na nyumba (ingawa hao si wadudu) wataingia chini yake kutafuta giza na unyevu. Alfajiri kabla jua halijapanda, funua gunia, okota, ulishe kuku. Watoto wanaipenda kazi hii.

NA YULE WA NYANYA?

Najua mnangoja swali hili. Tuta asili yake ni Amerika Kusini. Alionekana Uhispania 2006, akashuka Afrika, na Kenya aliripotiwa 2014. Kiwavi wake anaingia ndani ya jani, ndani ya shina na ndani ya nyanya yenyewe, ndiyo maana wengi walipiga dawa juu ya dawa wakaambulia hasara.

Kwa huyu, chambo hatuwezi kukitengeneza nyumbani. Kinachomvuta dume ni harufu ya jike, nayo inauzwa katika kidonge kidogo cha mpira kwenye agroveti. Lakini mtego wenyewe tunautengeneza. Beseni la maji ya sabuni, waya unaokatiza juu yake, na kidonge kinaning'inia juu ya maji bila kuyagusa. Shika kidonge kwa kijiti, usikishike kwa mkono uliogusa dawa au mafuta. Ukibadilishe kwa wakati ulioandikwa kwenye pakiti.

Muelewe kwamba mtego huu unanasa madume peke yake. Dume mmoja anatosha kwa majike wengi, kwa hiyo mitego miwili mitatu haitaokoa nyanya. Itakuonyesha tu siku Tuta alipofika, na siku hiyo ni ya maana sana. Ndipo unapoanza kuchuma majani yenye madoa ya kahawia na kuyafukia, na kung'oa mabaki ya nyanya za msimu uliopita. Shamba lililovunwa likaachwa na mashina yamesimama ni kituo cha matatu cha Tuta.

DAFTARI NDILO MTEGO WENYEWE

Hapa ndipo wengi wanaacha, na hapa ndipo faida ilipo. Kila mtego uwe na namba. Kila Jumatatu mtu mmoja apite na daftari la shule, aandike tarehe, namba ya mtego, mdudu gani, wangapi, kama mvua ilinyesha wiki hiyo, na kilichofanywa. Hesabu ya juu juu inatosha. Wakiwa wengi sana, hesabu robo ya kibao uzidishe kwa nne.

Tuseme kibao namba 2 kilikuwa na nzi weupe 6, wiki ya pili 9, wiki ya tatu 31. Je, unachukua pampu? Hapana, bado. Unaingia shambani. Pita kwa kupinda, kushoto na kulia, uchague mimea 10, ugeuze majani. Kwa mishiri, gongagonga maua juu ya sahani nyeupe, uone kama thripi wanaanguka. Ukikuta mimea miwili tu ina wadudu, shughulikia hiyo miwili. Ukikuta saba au nane, na hakuna wadudu rafiki wanaowala, hapo zungumza na afisa wa kilimo juu ya dawa inayofaa mdudu huyo, ufuate lebo. Na kama namba ilikuwa 31 kisha mvua kubwa ikanyesha na wiki inayofuata ni 8, umeokoa bei ya dawa nzima kwa sababu ulitazama.

Angalieni pia mtego unanasa nani mwingine. Mkiona wale wadudu wa mviringo, wekundu wenye madoa meusi, hao wanakula vidukari. Mkiona nyuki, mjue kibao, hasa cha buluu, kiko karibu mno na maua. Kiteremsheni au mkiondoe wakati wa maua. Bila nyuki hakuna boga.

KAZI HII NI YA KIKUNDI

Nitawapa mfano wa mbali kidogo. Huko Nguruman, Kajiado, karibu na mpaka wa Tanzania, wafugaji Wamaasai walisumbuliwa na mbung'o. Katika miaka ya 1980 wataalamu wa ICIPE, ile taasisi ya utafiti wa wadudu iliyoanzishwa Nairobi na Profesa Thomas Odhiambo mwaka 1970, walifanya kazi pamoja nao. Mtego ulishonwa kwa kitambaa cha buluu na cheusi. Chambo kilikuwa mkojo wa ng'ombe, pamoja na chupa ya asetoni. Mbung'o walipungua sana. Lakini wengine waliendelea kuingia kutoka sehemu za jirani zisizo na mitego, na hivyo mitego ilihitaji kushonwa, kujazwa chambo na kulindwa siku zote. Kitambaa kilikuwa kazi ndogo. Kazi kubwa ilikuwa watu kupatana nani atatunza mtego upi.

Na kwetu ni vivyo hivyo. Nzi mweupe hajui mpaka wa shamba. Ukiweka vibao wewe peke yako na jirani ana nyanya kuukuu zilizojaa wadudu, utakuwa unanasa wa kwake mwaka mzima. Kidole kimoja hakivunji chawa. Kwa hiyo napendekeza kila kikundi kifanye hivi:

1. Siku moja ya kukata vibao kwa pamoja. Mtungi mmoja mkubwa unatoa vipande vya watu kadhaa.

2. Mkebe mmoja wa mafuta ya mgando na sabuni ununuliwe kwa pesa za kikundi, na vidonge vya Tuta vinunuliwe pamoja kwa wenye nyanya.

3. Mashamba yaliyo mfululizo kwenye mfereji mmoja au mpira mmoja wa maji yatege wiki moja.

4. Mabaki ya mavuno yang'olewe ndani ya wiki moja baada ya kuvuna. Hili liandikwe kwenye sheria za kikundi, maana bila sheria litabaki maneno.

5. Daftari zisomwe kila mkutano kabla ya hesabu ya pesa. Shamba la chini likiona ongezeko, la juu linajiandaa.

Na wenye mishiri, daftari hilo lina faida nyingine. Mnunuzi akiuliza, "Ulipiga dawa gani, lini, na kwa nini?" utakuwa na jibu kwa maandishi.

MACHACHE YA KUKUMBUKA

Usitege siku wadudu wameshajaa. Mtego unawekwa siku ya kupanda. Usiweke sumu ndani ya chambo cha sukari, watoto na nyuki wataipata. Usitumie mafuta ya taa ndani ya beseni mahali pa sabuni, yakimwagika yanaunguza mboga. Na usiache kuokota viwavi kwa mkono, kwa sababu kiwavi wa kabeji wa mchana hajali kibao wala beseni.

Anzeni na mtego mmoja tu, kibao cha manjano, kwa msimu mmoja. Mkiweza kukitunza na kuandika kila Jumatatu bila kuruka, mengine yatakuwa mepesi. Mtungi uko nyumbani, fito iko kwenye ua, daftari mtoto analo.  Sasa twendeni kwenye lile shamba la hapo chini tukate cha kwanza, na wale mliokuja na majani, njooni nayo tuyageuze.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA KATIKA KIKUNDI

1. Msimu uliopita tulipiga dawa mara ngapi, na mara ngapi tuliangalia mdudu kwanza?

2. Ni mdudu gani aliyetuharibia zaidi, na anavutwa na nini: rangi, harufu, taa, au maficho?

3. Nani kati yetu ana mabaki ya mazao yaliyosimama, na tutamsaidia lini kuyang'oa?

4. Nani atashika daftari, na nani atamshika mkono akiwa na shughuli?